Ukinunua Subaru kuukuu, iogope rangi mpya

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Katika soko la magari kuukuu, kibaya hakijitembezi. Hupelekwa gereji kikapigwa rangi, kisha kikarudishwa yadi kumsubiri mteja.

Ndiyo maana anayetafuta Subaru Impreza WRX ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 hapaswi kulikimbia gari lililobambuka rangi paani na kuchubuka bampa. Hilo limeanika aibu zake zote. La kutiliwa shaka ni lile lililoegeshwa kando yake, linalometameta kwa rangi ya wiki jana, ambalo muuzaji hana hata picha moja ya lilivyokuwa kabla ya kupakwa.

Mapenzi ya Wakenya kwa Impreza yana historia. Mwaka 1997 Mskoti Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza ya bluu yenye namba 555 za manjano ubavuni na rimu za dhahabu. Mwaka 2000 Mwingereza Richard Burns naye akashinda kwa Impreza. Safari ikaondolewa katika mashindano ya dunia baada ya 2002, ikarudi mwaka 2021 kule Naivasha, na mashabiki wa Subaru wakarudi nayo. Wengi wao wanaitaka bluu ileile. Kwa hiyo ziko Impreza zilizotoka kiwandani zikiwa za fedha au nyeupe, zikageuzwa bluu baadaye ili ziuzike.

Kulijua gari la namna hiyo si kazi. Fungua milango uangalie kingo zake za ndani, inua zulia la buti, kisha chungulia pembe za chumba cha injini, mahali ambapo fundi mwenye haraka hafiki. Soma pia kibati cha gari chenye namba ya rangi. Bluu maarufu ya WRX ya miaka hiyo huandikwa 02C. Mwisho, linganisha na logibuku, kwa kuwa rangi ya gari imeandikwa humo. Gari la bluu lenye logibuku inayosema fedha litakupa kazi ya karatasi hata kama injini yake ni nzima.

Sheria nayo imelibana soko hili. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake, WRX zote za kizazi hicho zinazouzwa Nairobi au Mombasa zimekuwa zikiranda kwenye barabara zetu kwa miaka mingi, na zimeshabadilisha wenyewe. Tanzania magari ya umri huo bado huingia, ila mwenyewe hutozwa kodi ya ziada kwa uchakavu.

Mnunuzi wa huko anayeagiza moja kwa moja kutoka Japani ana msaada mmoja mkubwa: karatasi ya mnada. Mkaguzi wa mnada huchora ramani ya gari na kuandika herufi kila penye dosari. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, S ni kutu, na W ni alama kwamba paneli ilishanyooshwa na kupakwa rangi. XX ni paneli iliyobadilishwa. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa tatizo, hivyo A1 ni mkwaruzo mdogo na A3 ni mkubwa. Karatasi yenye A2 na U1 kadhaa isikutishe. Yenye W3 ubavu mzima, au daraja R linaloashiria gari lililotengenezwa baada ya ajali, idai maelezo. Hata gari lililoingia zamani, muulize muuzaji kama aliitunza karatasi hiyo.

Bila karatasi, macho yako ndiyo mkaguzi. Usikubali kuonyeshwa gari likiwa limelowa, kwa sababu maji huficha mikwaruzo. Nenda asubuhi au alasiri jua likiwa chini, uchutame usawa wa mlango na kutazama urefu wote wa ubavu. Ikiwa paneli moja ina vijitundu kama ganda la chungwa na ya jirani ni laini, hazikupakwa siku moja. Tazama boliti za fenda na za boneti: rangi iliyopasuka kwenye vichwa vyake ni dalili kwamba ziliwahi kufunguliwa. Papasa raba za milango utafute vumbi la rangi.

Sumaku ndogo husaidia kugundua fila iliyojazwa penye bonde, kwani haishiki vizuri juu ya fila nene. Lakini usimhukumu mtu bure: boneti ya WRX ni ya alumini na bampa ni plastiki, kote huko sumaku haishiki hata gari likiwa jipya. Kifaa cha kupima unene wa rangi ni bora zaidi, mradi kiwe kinachopima chuma na alumini. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya mikroni 100 na 180. Ukikuta 300, paneli imepakwa upya. Ikizidi 1,000, yaani milimita nzima, chini yake kuna fila.

Ukishajua gari halikufichwa kitu, ndipo uipime gharama ya rangi mbovu unayoiona. Si kila ubovu una bei moja. Mikwaruzo iliyoishia kwenye klia, lile tabaka la juu linalong'aa, huondoka kwa kusuguliwa na kupigwa polishi. Klia iliyoanza kubambuka kwa jua, hasa paani na juu ya boneti, haina polishi itakayoirudisha. Ni lazima ikwanguliwe kwa msasa na paneli ipakwe upya. Hiyo ni hasara unayoweza kuipigia hesabu kabla ya kulipa.

Malengelenge ya rangi ni jambo jingine. Chini yake kuna kutu inayosukuma kutoka ndani, na ukubwa wake hujulikana tu baada ya kukwangua. Kwenye Impreza za kizazi hicho, anza kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, kisha fungua buti utazame pale shokamzoba za nyuma zinaposhikiliwa. Magari yaliyotumika sehemu za Japani zenye theluji, kama Hokkaido, hupita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, na chumvi hiyo hukaa humo. Matao yanakatika na kuchomelewa. Kutu kwenye mashikio ya shokamzoba ni sababu ya kuaga kwa heshima na kuondoka.

Kazi ya rangi yenyewe ina gharama ambayo wanunuzi wengi huipuuza. Bluu ya WRX ina chembe za maika zinazobadilisha mng'ao kulingana na jinsi zilivyolala, na namna zinavyolala hutegemea upepo wa bunduki ya kupulizia na umbali wa mkono wa fundi. Namba ya 02C humpa mchanganyaji wa rangi mahali pa kuanzia tu, kwani bluu iliyokaa juani miaka 20 si bluu ya kiwandani tena. Fundi mzuri hupulizia kipande cha majaribio, akakilinganisha na gari juani, kisha akaieneza rangi kidogo kidogo hadi paneli ya jirani ili macho yasione mpaka. Kwa hiyo mlango mmoja mbovu huweza kukulipisha kazi ya paneli tatu. Anayekuahidi kuumaliza mlango huo kwa nusu siku kando ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, vumbi likipita, anakuuzia kazi ya kurudia.

Muulize pia fundi anavaa nini usoni. Rangi na klia zinazochanganywa na kikaushio zina kemikali za isosayaneti, ambazo huweza kumwachia mpulizaji pumu ya maisha. Kitambaa puani hakizuii kitu. Gereji yenye chumba cha kupakia na barakoa za kufaa itakutoza zaidi, na tofauti hiyo ni halali.

Sasa majadiliano ya bei. Peleka makadirio ya fundi rangi yaliyoandikwa, paneli kwa paneli, na uyakate kwenye bei anayotaja muuzaji. Muuzaji wa gari lililobambuka hana pa kubishia, mnayatazama makovu pamoja. Pesa uliyoiokoa isikimbilie rangi. Ianzie kwenye kupima mgandamizo wa injini, mkanda wa taimingi, tabo na breki, maana mafundi wakishusha injini huegemea fenda na kuangusha spana juu yake. Rangi iwe kazi ya mwisho, baada ya gari kupita msimu mmoja wa mvua mikononi mwako na kukuonyesha panapovuja. Mpaka hapo endesha hivyo hivyo, na paa lako lililobambuka.