Shimo la Luizi

Juma lililopita, tulipokuwa tukitoka kanisani Kawangware, mama mmoja mzaliwa wa Lubumbashi aliniuliza, "Mchungaji, lile bonde la mviringo kule kwetu Kundelungu, je, si volkano kama Menengai?" Nikamjibu, "Mama, hata wataalamu walikaa miaka mingi bila hakika."

Bonde hilo huitwa Luizi. Liko kusini-mashariki mwa Kongo, katika nyanda za juu, mbali na miji. Upana wake ni kilometa 17 hivi, na ukingo wake wainuka kama mita 300 juu ya sakafu. Umbo lake liliandikwa katika ripoti ya mwaka 1919. Baadaye picha zilizopigwa kutoka angani zikaonyesha duara ndani ya duara. Lakini duara peke yake si ushahidi. Menengai nayo ni mviringo, na ilitokana na moto wa chini ya ardhi.

Mwaka 2010 Ludovic Ferrière alikwenda huko kuokota mawe. Akayapata yenye michirizi iliyotawanyika kutoka ncha moja, mfano wa ufagio. Chini ya hadubini, chembe za mchanga zilikuwa na mistari myembamba iliyolala sambamba. Volkano haifanyi hivyo. Yahitaji pigo kubwa la ghafula. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba Luizi ni shimo la kimondo.

"Basi kimondo chenyewe kiko wapi?" Swali zuri sana. Waliofika Mbozi, Tanzania, wamekiona kimondo cha chuma cha zaidi ya tani 10, wala hakuna shimo. Luizi kuna shimo, wala hakuna kimondo. Jiwe dogo hupunguzwa mwendo na hewa. Jiwe kubwa, na hili lakadiriwa kuwa na upana wa kilometa moja, hewa hailiwezi. Hufika na mwendo wake wote, na joto la pigo huligeuza karibu lote kuwa mvuke.

Mawe yaliyopigwa yana umri wa miaka milioni 575 hivi. Pigo lilikuja baada ya hapo. Hesabu kama hizi huwatia wengine hofu, kana kwamba imani yao itabomoka. Mimi sijaona jiwe lililombomolea mtu imani. Nimeona vijana walioiacha kwa sababu walikatazwa kuuliza.

Mama yule hakukatazwa. Ameniahidi swali jingine Jumapili ijayo, nami nimeanza kusoma mapema.