Basiliada

Basiliada ilikuwa kundi la majengo ya kuhudumia maskini, wagonjwa na wasafiri, lililoanzishwa katika karne ya 4 na Basili Mkuu nje ya mji wa Kaisarea wa Kapadokia (leo Kayseri, nchini Uturuki). Inahesabiwa kati ya hospitali za kwanza za Kikristo, ingawa neno "hospitali" halitoshi kueleza yote yaliyofanyika humo.

Asili

Wajibu wa kusaidia wenye shida ulikuwa wa zamani katika Kanisa. Injili ya Mathayo (25:31-46) inafundisha kwamba anayemlisha mwenye njaa au kumtembelea mgonjwa amemtendea hivyo Yesu mwenyewe. Hata Kaisari Juliano (361-363), aliyeuacha Ukristo, alimlalamikia kuhani mmoja wa dini ya jadi kwamba Wakristo wanawalisha maskini wao na wa wengine pia, akaagiza zijengwe nyumba za wageni za kushindana nao.

Njaa ya miaka 368-369

Ukame ulipoipata Kapadokia, Basili alikuwa bado padri. Nchi hiyo iko mbali na bahari, hivyo nafaka haikuweza kuletwa kwa meli, na wenye maghala walisubiri bei ipande. Basili aliwahubiria bila kuwaonea haya: mali inayozidi mahitaji ya mtu ni haki ya wasio nayo, na anayeizuia hatofautiani sana na mwizi. Hakuishia katika sadaka tu, kwani alilaani pia riba, iliyowafanya wakopaji kuwa watumwa wa madeni. Rafiki yake, Gregori wa Nazianzo, anasimulia kwamba maghala yalifunguliwa, na Basili mwenyewe akawagawia wenye njaa mchuzi wa jamii ya kunde na nyama ya chumvi. Kadiri ya mdogo wake, Gregori wa Nisa, watoto wa Wayahudi walipewa sawa na wengine.

Majengo na kazi zake

Basili alifanywa askofu mwaka 370, na ujenzi ukafuata. Baadhi ya watu walimshtaki kwa mtawala wa jimbo, Elia. Barua aliyomwandikia mtawala huyo kujitetea ndiyo inayotuonyesha Basiliada ilivyokuwa: makao ya wageni, waganga na wauguzi, wanyama wa kubebea mizigo, watu wa kuwasindikiza wasafiri, tena karakana za ufundi mbalimbali.

Jambo lililowashangaza zaidi watu wa wakati ule lilikuwa mapokezi ya wenye ukoma. Hao walifukuzwa mijini na hata na ndugu zao, wakaishi kwa kuombaomba. Basili, mtu wa ukoo tajiri na elimu ya Athens, aliwasalimu kwa busu. Gregori wa Nazianzo aliiita Basiliada "mji mpya".

Mwanahistoria Teodoreto anaandika kwamba Kaisari Valens alitoa mashamba kwa ajili ya maskini waliotunzwa na Basili. Ni ajabu kiasi, kwa kuwa Valens aliunga mkono Waario, na Basili alikuwa mpinzani wao mkubwa.

Basili alifariki mwaka 379. Katika karne ya 5 Sozomeni aliandika kwamba nyumba hiyo ilikuwa bado ikiitwa kwa jina la mwanzilishi wake.