Usitie Mrututu Bwawani

Mfugaji wa samaki wa pande za Kipsongo, Kitale, akiona maji ya bwawa yamekuwa kijani kibichi, wazo la kwanza huwa mrututu, yaani salfeti ya shaba. Kweli huua mwani. Lakini mwani uliokufa huoza, na kuoza kwake hula oksijeni iliyomo majini, hivyo keshoye unaweza kuwakuta ngege wanaelea matumbo juu. Isitoshe, udongo mwingi wa Trans Nzoia una asidi, na katika maji laini yenye asidi shaba ya mrututu huwadhuru samaki wenyewe.

Kijani si adui. Mpango wa serikali ya Kenya wa 2009 ulikusudia kuchimba mabwawa 200 ya mita 300 za mraba katika kila moja ya maeneobunge 140, na katika ufugaji wa aina hiyo mbolea hutiwa makusudi maji yapate rangi, kwa kuwa ngege hula mwani. La kuuliza ni kiasi. Mwaka 1865 padri Mwitaliano Angelo Secchi alishusha sahani nyeupe baharini kupima uangavu wa maji, na kipimo chake kinatosha hata hapa. Chukua kifuniko cha mkebe wa rangi chenye upana wa sentimita 20 hivi, ukipake nyeusi na nyeupe kwa robo, ukipigilie kwenye fimbo yenye alama, kisha ukizamishe saa sita mchana. Kikipotea kati ya sentimita 25 na 40, shukuru uende zako. Kikipotea kabla ya 20, acha mbolea na upunguze chakula siku hiyohiyo.

Kwa nini haraka hivyo? Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku nao huivuta kama samaki. Kiwango huwa cha chini kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako maji ya nyuzi 20 hushika oksijeni miligramu 7 na ushei tu kwa lita, ilhali Mombasa maji baridi ya bomba ya nyuzi hizohizo yangeshika 9. Ongeza mawingu ya Julai, siku tatu bila jua, na alfajiri ngege watakuwa juu wakihema midomo wazi. Kambare hatakusaidia kung'amua, maana yeye huvuta hewa ya juu na kuendelea na shughuli zake. Ngege wakihema, usiwape chakula. Fungua bomba la chini utoe maji ya sakafuni, yaliyo mabaya zaidi, na uingize mapya yakidondoka kutoka juu.

Rutuba inayozidisha mwani mara nyingi haikutiwa na mwenye bwawa. Mbolea ya DAP ina nitrojeni asilimia 18 na fosfeti asilimia 46. Mvua ya kwanza baada ya kupanda mahindi ikiiteremsha mtaroni, inaishia bwawani. Chimba mfereji wa kukinga upande wa juu, uache na ukanda wa nyasi. Banda la kuku juu ya maji ni zuri kwenye picha, ila kinyesi hakijui kusubiri kipimo. Mimi hushauri DAP gramu 2 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, yaani gramu 600 kwa bwawa la mita 300, na wiki ambayo kifuniko kinapotea mapema, sifuri.

Mwani wa nyuzi unaojikunja kama pamba kwenye kingo ni kesi ya kinyume. Huota pale maji yalipo maangavu na mafupi, jua likafika chini. Uvute kwa reki, chimba kingo zifike angalau nusu mita, kisha tia mbolea kidogo maji yapate rangi yenye kuzuia mwanga. Wengi hunitazama kwa mashaka nikisema hivi.

Utando wa kijani-buluu unaosukumwa na upepo upande mmoja, kama rangi iliyomwagika, ndio wa kuogopa: baadhi ya aina zake zina sumu. Ng'ombe wasinywe hapo, wala watoto wasiogelee. Samaki wa bwawa hilo usimuuze mpaka utando uondoke, na hata baadaye mtoe utumbo na ini. Akinuka tope, mweke kwenye maji safi yanayotiririka siku chache bila chakula kabla ya kumpeleka sokoni.