Taa za Barabarani Zinazoamrishwa kwa Mbali

Wasomaji wetu watakuwa wameona kwamba katika miji mingi ya huku ugenini ile taa ya manjano iliyozoeleka barabarani inatoweka. Mahali pake pamewekwa taa nyeupe, ambayo mara huwaka kwa nguvu zote, mara hufifia usiku wa manane pasipo mtu kuigusa. Baadhi ya wazazi, hasa akina mama wanaowarejesha watoto kutoka madrasa jioni za kipupwe, wametuuliza ni nani anayeipunguza taa hiyo, na kwa idhini ya nani. Swali hili lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya ufundi, nayo si ngumu.

Juu ya taa hufungwa kifaa kidogo, mfano wa kikombe kilichofudikizwa, chenye redio ndani yake. Aghalabu kifaa hiki hupasha habari kwa jirani yake, jirani kwa jirani, hadi zifike kwenye kituo kinachozikusanya na kuzipeleka katika kompyuta za idara ya taa. Huko mtumishi mmoja aliyeketi mbele ya kioo huiona ramani ya mji mzima, na kila taa ni nukta. Taa ikiharibika, alama yake hubadilika, na fundi hutumwa akijua nguzo anayoiendea. Zamani ilibidi gari lizunguke usiku kutafuta taa mbovu, au mkaazi apige simu. Taa zenyewe ni za LED, ambazo, tofauti na zile za mvuke wa sodiamu, huweza kupunguzwa na kuongezwa mwanga papo hapo. Mji wa Los Angeles ulibadilisha taa zipatazo 140,000 baina ya mwaka 2009 na 2013, ukapunguza umeme wa taa hizo kwa asilimia 63. Mwaka 2015 ukaanza kuziunganisha na mtambo wa kuziongoza kwa mbali. Fedha zinazookolewa ni za walipa kodi, nasi ni miongoni mwao. Hatuna sababu ya kulibeza jambo hilo.

Je, giza? Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2015, uliohusu halmashauri 62 za England na Wales, haukupata ushahidi kwamba kupunguza au kuzima taa kulizidisha ajali za barabarani au uhalifu. Tunaukubali. Lakini takwimu za halmashauri nzima hazimjui mzee mmoja aendaye kuswali Alfajiri kwa mkongojo juu ya barafu. Ratiba za kupunguza mwanga hupangwa kwa kutazama wingi wa magari, na saa ambazo magari ni machache ndizo saa ambazo watu wetu wako njiani: baada ya Tarawehe, kabla ya mapambazuko, au wakitoka zamu za usiku katika hospitali na maghala. Uzuri wa mtambo huu ni kwamba ratiba ya mtaa mmoja huweza kubadilishwa bila fundi kupanda nguzo. Basi kamati ya msikiti ikiandika barua kuomba mwanga kamili kwa njia fulani na saa fulani, haiombi jambo zito.

Sehemu ya pili ndiyo nzito, nayo twaieleza kwa mfano wa San Diego, jimbo la California. Mwezi wa Disemba 2016 Baraza la mji huo liliidhinisha mpango wa taa mpya pamoja na vifaa vipatavyo 3,200 vya kuhisi, vya kufungwa katika nguzo. Sababu zilizotajwa zilikuwa kuokoa umeme, kuhesabu magari na kuonyesha penye nafasi ya kuegesha. Ndani ya vifaa hivyo mlikuwa na kamera. Kuanzia Agosti 2018 polisi walizitumia picha zake katika upelelezi, na wakaazi wengi hawakutambua mpaka mwaka 2019. Tuwe waadilifu: polisi walisema picha hizo ziliwasaidia kuwapata wahalifu, na ziliwahi pia kumwondolea mtu lawama. Lakini mwaka 2020 zilitazamwa vilevile kwa ajili ya maandamano, na hapo hapakuwa na sheria iliyosema nani atazame nini.

Katika mji huo mna mtaa uitwao City Heights, wenye watu wengi wa Afrika Mashariki, hasa Wasomali, ambao baadhi yao walipitia kambi za Kenya na wanakisema Kiswahili. Jumuiya za wakimbizi na za Waislamu zilikuwa mbele katika muungano ulioitwa TRUST SD, uliodai sheria. Septemba 2020 Meya aliamuru kamera zisimamishwe. Mwaka 2022 ikapita sheria kwamba chombo chochote cha upelelezi kielezwe hadharani, kijadiliwe na wananchi, kisha ndipo Baraza likate shauri. Haikuwa ushindi mtupu: Agosti 2023 Baraza hilo hilo liliidhinisha vifaa 500 vya namna hiyo, pamoja na vya kusoma nambari za magari. Safari hii lakini watu walisema waliyokuwa nayo kabla ya kura.

Wenye kuziuza huziita taa zenye akili. Sisi tuliofundisha lugha kwa miaka mingi twaona neno hilo limepotea njia. Taa hutii tu, na mwenye akili ni yule aliye nyuma ya kioo.

Mtaa wenu ukitangaziwa taa mpya, hudhurieni mkutano wa baraza na muulize: kifaa kilicho juu ya nguzo kina kamera au kipaza sauti? Picha hukaa siku ngapi, na ni za nani, za mji au za kampuni? Mkataba ukimalizika, nani atakiondoa? Ombeni majibu kwa maandishi. Na kwa wanaotaka tu taa ya mlangoni mwao irudi kuwaka: nguzo nyingi zina nambari kwenye kibao kidogo, inakilini yote, herufi na tarakimu, kabla ya kupiga simu.