Nyeusi au Nyeupe? Kutu na Bunduki za Pembezoni mwa Serengeti

Katika vijiji vya wilaya ya Serengeti vilivyo jirani na Bwawa la Manchira na mji wa Mugumu, bunduki ni chombo cha kazi. Wanaibeba askari wa uhifadhi wa hifadhi ya taifa na wa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, na hapa na pale yuko mkulima mwenye leseni anayemiliki shotgani au gobore. Wanaoingia dukani kutafuta silaha mpya hukutana na swali lile lile: wachukue ile nyeusi yenye mng'ao wa buluu, au ile nyeupe ya stenlesi? Jibu linalozoeleka ni kwamba nyeupe haishiki kutu, basi mwenye fedha aichukue, na asiye nazo avumilie nyeusi. Jibu hilo lina ukweli nusu. Aina zote mbili hulindwa na ngozi nyembamba sana, na zote mbili huoza ngozi hiyo ikishindwa. Zinapotofautiana ni nani anayeiponya ngozi ikichubuka: kwa nyeupe ni hewa, kwa nyeusi ni mkono wa mtu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, mnunuzi aulize bunduki hiyo itakuwa mikononi mwa nani.

Weusi wa bunduki si rangi ya kupakwa. Ni chuma chenyewe kilichooksidishwa kwa makusudi. Kiwandani, mtutu uliosuguliwa na kusafishwa mafuta yote hutumbukizwa katika maji ya magadi makali na chumvi ya naitreti yaliyochemshwa hadi nyuzi joto 140 hivi za Selsiasi, na uso wake hugeuka oksidi nyeusi ya chuma. Oksidi hiyo ni ndugu wa kutu, ila tabia zao hazifanani. Kutu nyekundu huvimba, hupasuka na kubanduka, ikaacha chuma kipya kikiliwa tena. Oksidi nyeusi hushikamana na chuma na kutulia. Hata hivyo unene wake ni kama mikroni moja tu, nayo ina vinyweleo. Peke yake huzuia unyevu kidogo sana. Nguvu yake iko katika kushika mafuta: vinyweleo hivyo hunywa mafuta ya bunduki na kuyahifadhi, na ni mafuta hayo yanayofukuza maji. Mtutu mweusi uliofutwa ukakauka kabisa, kisha ukashikwa na kiganja chenye jasho, unaweza kuonyesha alama nyekundu za vidole kesho yake asubuhi.

Stenlesi ilizaliwa karibu kabisa na mtutu wa bunduki. Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma ambacho hakingeliwa upesi na joto na gesi ndani ya mitutu. Mchanganyiko wake wenye kromiamu karibu asilimia 13 ukajipatia sifa kwingine, katika visu vya mezani, kwa sababu haukushika kutu kirahisi. Ilipita zaidi ya miaka 50 kabla kampuni ya Smith & Wesson haijatoa, mwaka 1965, bastola ya stenlesi iliyotengenezwa kwa wingi. Siri yake ni kromiamu: ikizidi takriban asilimia 10.5, huungana na oksijeni na kufanya utando mwembamba kuliko hata ule weusi, lakini ukikwaruzwa hujifunga wenyewe mradi hewa inafika. Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Vijiko na sufuria nzuri za stenlesi huwa na kromiamu asilimia 18 pamoja na nikeli. Mitutu mingi ya stenlesi hutengenezwa kwa aina yenye kromiamu asilimia 12 au 13, na mara nyingi huongezwa salfa ili ichongeke kwa urahisi, kwa kuwa bunduki inahitaji chuma kinachoweza kukazwa kwa moto. Aina hiyo huvumilia zaidi kuliko chuma cha kawaida, ila haifikii sufuria ya jikoni. Ikikaa na chumvi ya jasho mahali pasipofika hewa, huliwa kwa vitobo vidogo vinavyochimba ndani.

Sasa tuilete hoja hii Manchira. Upande wa kaskazini-magharibi wa Serengeti, unaopokea mawingu ya Ziwa Victoria, hupata mvua nyingi kuliko nyanda za kusini-mashariki, na chuma huanza kuoza kwa kasi pale unyevunyevu wa hewa unapopita asilimia 60 hivi. Doria ya usiku huiweka bunduki katika umande. Mchana vumbi laini hutua juu yake, likashika maji na kusugua kila inapofutwa. Mkanda wa bega husugua sehemu ile ile kila siku mpaka weusi uishe na chuma kibaki wazi. Askari akirudi, akaitia silaha ikiwa na unyevu ndani ya mfuko wa ngozi au turubai, ameifungia na maji yake. Mbali na hayo, mahali panapooza kwanza mara nyingi si pale panapoonekana. Chini ya mbao za kitako, kwenye skrubu, springi na pini, jasho na maji ya mvua hukaa bila kuguswa, na bunduki nyingi zinazouzwa kama za stenlesi zina springi na pini za chuma cha kawaida. Ndani ya mtutu hali ni hiyo hiyo: weusi wa nje haulindi njia ya risasi. Kwenye gobore, masalia ya baruti nyeusi hunyonya maji ya hewani, na mafuta pekee hayayaondoi. Yanahitaji maji ya moto yenye sabuni, kisha kukaushwa, ndipo mafuta yafuate. Fataki za zamani nazo huacha chumvi inayotaka dawa iyo hiyo.

Wapo watakaosema kwamba ubishi huu hauna maana, kwa sababu bunduki nyeusi za enzi ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, zilidumu miaka mingi katika hali ya hewa hii hii bila stenlesi. Ni kweli, lakini zilidumu kwa kukaguliwa. Jeshi lilimpa kila askari silaha yenye namba, likamtaka aioneshe safi mbele ya mkubwa wake. Nidhamu ndiyo iliyofanya kazi ambayo kromiamu hufanya bila kuamriwa. Pingamizi la pili ni zito zaidi: nyeupe humetameta, na mmeto porini humtambulisha mtu kwa mnyama na kwa jangili. Viwanda hulipunguza tatizo hilo kwa kuufifisha uso wa chuma kwa mchanga, ingawa hakiwi cheusi. La tatu ni bei, na hapo hakuna ubishi. Stenlesi kwa kawaida hugharimu zaidi. Tena askari wengi hawachagui. Silaha za kivita wanazopewa huwa na rangi au koti la fosfeti ambalo, kama weusi, hutegemea mafuta.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni namba. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inataka kila silaha iwe na alama ya kuitambulisha, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inasimamia umiliki wake hapa nchini. Kutu ikiila namba, mwenye leseni anabaki na chuma asichoweza kukithibitisha kuwa ni chake. Anayejaribu kuiondoa kwa msasa hujitia matatani zaidi, kwa kuwa namba iliyosuguliwa haina tofauti machoni pa mkaguzi na namba iliyofutwa kwa hila. Kurudishia weusi ni kazi ya fundi mwenye kibali, na aambiwe mapema asiguse maandishi.

Kwa hesabu hiyo, bunduki ya mtu mmoja anayeijua na kuifuta kila jioni haihitaji kuwa nyeupe. Nyeusi itamtosha, na fedha inayobaki inunue mafuta, brashi na vitambaa. Inayostahili stenlesi ni bunduki ya ghalani inayopita mikono mingi, kila mmoja akidhani mwenzake ameisafisha, au ile inayokaa miezi bila kutumika karibu na maji. Na iwe nyeusi au nyeupe, usiilaze ndani ya mfuko wake: ifute, ipake mafuta kidogo, ihifadhi ikiwa tupu, bila risasi, pakavu na chini ya kufuli kama leseni yako inavyokutaka.