Ijumaa ya Mfanyakazi Mgeni Mjini Kairo



Sisi watu 6 kutoka Uganda tulifanya kazi ya ujenzi kwa mkataba mjini Kairo, Misri. Miezi 2 ya kwanza hatukuujua mji ule. Tulilala kambini, tukala chakula cha kambini, na gharama yake ikakatwa katika mshahara. Hata Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya mapumziko, msimamizi alituita kazini. Alisema, "Nyinyi wageni, mtakwenda wapi?"

Aliyetufungua macho ni mwashi mmoja Mmisri, mzee ambaye wote humwita Usta, yaani fundi stadi. Alitueleza kuwa sheria ya kazi ya Misri inampa mfanyakazi saa 24 kamili za kupumzika baada ya siku za kazi zisizozidi 6. Tulikwenda kwa msimamizi wote 6 pamoja, hakuna aliyebaki nyuma. Tukaipata Ijumaa yetu.

Ijumaa ya kwanza Usta alitupeleka kula ful. Haya ni maharagwe ya kahawia yanayopikwa usiku kucha kwa moto mdogo, katika chungu chenye shingo nyembamba. Hutiwa mafuta, ndimu na bizari nyembamba. Maharagwe hayo yakirowekwa, yakasagwa na majani ya kotimiri na kukaangwa, huitwa taamiya. Mchana tulikula koshari: wali, makaroni, adesi na dengu katika bakuli moja, juu yake vitunguu vya kukaanga, mchuzi wa nyanya, siki ya vitunguu saumu na pilipili. Tulishiba hata jioni.

Mkate wao huitwa eish, na neno hilo maana yake nyingine ni uhai. Sisi tunaposema "maisha" tunatumia asili hiyo hiyo ya Kiarabu. Usta alitukumbusha Januari 1977, serikali ilipopandisha bei za vyakula. Tarehe 18 na 19 watu walijaa barabarani, wafanyakazi wa viwandani wakiwamo. Wengi walikufa, na bei zikarudishwa. Mkate wa ruzuku ulibaki kirshi 5 kwa zaidi ya miaka 30, mpaka Juni 2024 ulipopanda kuwa kirshi 20. Pauni moja ni kirshi 100. Bei hiyo ni ya raia wenye kadi, mikate 5 kwa mtu kwa siku. Sisi wageni tulinunua kwa bei ya soko.

Jioni tulichanga fedha tukakodi feluka, mashua ya tanga, tukapunga upepo juu ya Mto Naili. Mmoja wetu, mzaliwa wa Jinja, alichota maji kwa kiganja akanyamaza kimya. Usta alimwuliza, "Unaumwa, mwanangu?" Akajibu, "Hapana, mzee. Nawasalimu wa nyumbani."

Tulipojua bei ya chakula cha mjini, tulipiga hesabu na kuona kuwa makato ya kambini yalikuwa makubwa mno. Tulirudi tena kwa msimamizi, wote 6, tukaomba fedha ya chakula tupewe mkononi. Baada ya wiki 3 alikubali.

Ndugu zetu mnaokwenda kufanya kazi nchi jirani, msikae ndani ya ua. Siku ya mapumziko tokeni, mle wanachokula wafanyakazi wa pale, mwaulize habari zao. Aliyefungiwa kambini hajui hata anachoibiwa. Umoja ni nguvu.