Siku za Awali za Kuacha Sigara: Kuitambua Arosto na Kuikabili

Makala haya yanadhamiria kueleza yale yanayompata mvutaji wa sigara katika siku za mwanzo baada ya kuacha, na namna ya kuzivuka siku hizo. Huenda msomaji akajiuliza mada ya aina hii imeingiaje katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba wavutaji tumo humu humu mwetu. Anayetilia shaka na apite nyuma ya mabweni usiku wa kuamkia mtihani. Mwandishi wa makala haya alivuta kwa miaka sita, akaacha na kurudia mara mbili, na mara ya tatu akaacha kabisa. Sababu ya pili ni kwamba ugumu wa siku hizo, kwa kiasi kisicho haba, ni ugumu wa msamiati.

Katika mitaa ya Mombasa na Dar es Salaam, watumiaji wa heroini wana neno moja, arosto, wanalolitumia kuyaita mateso yote yanayomwandama mtu anapoikosa dawa aliyoizoea. Ni neno la mitaani, na wapo watakaolikunjia uso, ila linafanya kazi ambayo maneno yetu sanifu hayajaifanya vyema: linaukusanya mseto wa maumivu, hasira, usingizi uliokatikakatika na uchu, na kutangaza kwamba yote hayo ni kitu kimoja chenye chanzo kimoja. Mvutaji wa sigara hana desturi ya kulitumia neno hilo. Yeye husema ana hamu, au kichwa kinamgonga, au leo ameamka vibaya, au watu wa siku hizi wanaudhi. Kila kauli inataja kipande tu. Hata hamu haitoshi, kwani mtu huwa na hamu ya pilau pasi na kutetemeka mikono.

Kosa hili la kutaja lina gharama. Nilipojaribu kuacha mara ya kwanza, siku ya pili niligombana na mwenzangu wa chumbani kwa sababu ya sufuria isiyooshwa. Jioni nikajiambia kuwa mimi kwa maumbile ni mtu wa hasira, na kwamba sigara ndiyo iliyokuwa ikinistahi mbele za watu. Nikatoka kwenda kununua. Sikujua kwamba siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele cha arosto kwa watu wengi. Lau ningejua, huenda ningeivumilia ile sufuria.

Kinachotendeka mwilini

Moshi wa sigara ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo kwa takriban sekunde kumi hadi ishirini. Huko hujishikiza kwenye vipokezi vya seli za neva na kusababisha kutolewa kwa dopamini, kemikali inayohusiana na raha na motisha. Kwa mvutaji wa kila siku, ubongo hujirekebisha kwa kuongeza idadi ya vipokezi hivyo. Hapo ndipo deni linapoanza. Kiwango cha nikotini katika damu hupungua kwa nusu katika muda wa saa mbili hivi, na vipokezi vilivyozoea kushibishwa huanza kudai haki yao. Usiku kucha mvutaji havuti. Ndiyo maana sigara ya alfajiri humwia tamu kuliko zote. Utulivu anaousifu ni wa deni kulipwa, na aliyelileta deni ni sigara ya jana.

Arosto huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, hupanda hadi siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka polepole katika majuma matatu au manne. Dalili zake ni hasira za karibu, wasiwasi, huzuni isiyo na sababu, njaa, choo kigumu, ndoto nyingi na usingizi mwepesi. Kwa mwanafunzi, inayotisha zaidi ni kukosa makini. Utasoma ukurasa mmoja wa uhakiki mara nne na usijue umesema nini. Baadhi hukohoa zaidi kuliko walipokuwa wakivuta, wakadhani wameharibikiwa. Aghalabu kikohozi hicho hutokana na vinyweleo vya njia ya hewa, vilivyokuwa vimelemazwa na moshi, kurudi kazini na kuanza kufagia makohozi. Kikizidi majuma kadhaa, au kikija na damu, si cha kuvumiliwa; muone daktari.

Mwili nao, wakati huo huo, unapata nafuu ambayo mwenyewe haioni. Dakika ishirini baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kupungua. Katika siku ya kwanza, kaboni monoksidi iliyokuwa ikichukua nafasi ya oksijeni katika damu hushuka hadi kiwango cha kawaida.

Liko jambo moja ambalo sikuwahi kulisikia likitajwa mabwenini, nalo linatuhusu sana sisi watu wa chai. Moshi wa sigara, wala si nikotini yenyewe, huchochea ini kuivunja kafeini kwa kasi. Mvutaji basi hunywa vikombe vitano vya chai ya rangi au kahawa na asihisi kitu. Anapoacha kuvuta, ini hupunguza kasi hiyo katika siku chache tu, na vikombe vile vile vitano vikaacha kafeini nyingi zaidi katika damu, hata kufikia maradufu. Mikono hutetemeka, moyo hudunda, usingizi hutoweka. Naye, maskini, huyabebesha yote haya arosto na kuamini kwamba hali inazidi kuharibika. Tiba ni nyepesi: punguza chai na kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza, na jioni usizinywe kabisa. Fauka ya hayo, kwa wengi wetu kikombe na sigara vilikuwa chanda na pete. Kikombe kikiwa mkononi, mkono wa pili huanza kuitafuta sahibu yake. Nilihamia uji kwa majuma mawili. Sikuupenda, lakini uji haukunikumbusha chochote.

Dakika chache za uchu

Arosto kwa ujumla hudumu siku nyingi, ila uchu wenyewe, ule unaomfanya mtu ainuke kitini, huja kwa vipindi. Kila kipindi huwa cha dakika chache, kisha hupita, umevuta au hujavuta. Hii ndiyo habari niliyoitilia shaka zaidi hadi nilipoipima kwa saa ya ukutani. Uchu ulinijia saa tatu na dakika kumi. Saa tatu na dakika kumi na saba nilikuwa natafuta kalamu. Kazi ya siku za mwanzo basi si kuapa kwamba hutavuta aushi yako yote, kiapo kinachomwogofya hata aliye imara, bali ni kutafuta la kufanya katika dakika hizo. Wapo wanaotafuna karoti au kipande cha mua, wapo wanaokunywa maji polepole, wapo wanaotembea hadi langoni na kurudi. Mikono ipewe kazi na kinywa kipewe kazi.

Hata hivyo, dakika chache ni nyingi ikiwa kibanda kiko hatua ishirini kutoka mlangoni. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara katika pakiti yenye chini ya sigara kumi. Kwa maneno mengine, kuuza sigara mojamoja ni kosa. Sote tunajua hali ilivyo vibandani, ambako pakiti iliyofunguliwa hukaa kando ya peremende na kiberiti cha gesi huning'inia kwa uzi kwa ajili ya wateja. Uovu wa sigara ya mojamoja ni kwamba haimdai mtu uamuzi. Anayenunua pakiti anajua ameanza tena kuvuta. Anayenunua moja hujiona hajarudia lolote. Mara ya tatu nilimwendea mama wa kibanda nikamwambia, “Mama, nikija kukuomba sigara juma hili, uninyime.” Alicheka sana. “Kijana wangu, nikunyime na pesa unazo?” Siku ya tatu nilikwenda, nikiwa na pesa mkononi. Alinitazama, akafungua ndoo, akanipa mandazi mawili.

Si kila mtu atavuka kwa mandazi. Kwa anayevuta sana, hasa anayewasha sigara ya kwanza katika nusu saa ya kuamka, kuna chingamu ya nikotini na viraka vya kubandika ngozini, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Huupa mwili nikotini kwa kiasi, bila moshi, ili deni lilipwe kidogokidogo. Chingamu hiyo haitafunwi mfululizo kama ya watoto. Hutafunwa polepole hadi uhisi mwasho, kisha hutulizwa kati ya ufizi na shavu hadi mwasho uishe, ndipo itafunwe tena. Usiitumie pamoja na kahawa, soda au maji ya machungwa, kwani tindikali huizuia nikotini kupenya ufizini. Ngoja robo saa. Mja mzito na mgonjwa wa moyo wamuulize daktari kwanza. Ama vile vifuko vya nikotini vinavyofichwa chini ya mdomo, ambavyo vimewavutia vijana kwa ladha zake za mnanaa na matunda, mimi siviiti tiba. Niliowaona wakivitumia hawakuwa na mpango wa kuviacha.

Sasa nije kwa hofu iliyonirudisha nyuma mara ya pili, nayo ni hofu ya wasomi: kwamba bila sigara wazo haliji. Nilikuwa nikiandika pendekezo la tasnifu. Kwa siku nne sikuandika sentensi moja iliyosimama, nikahitimisha kuwa akili yangu ilikuwa ndani ya pakiti. Kumbe nilikuwa nimechagua majira mabaya na kazi mbaya. Mara iliyofuata niliacha mwanzoni mwa likizo, na kwa juma zima sikujidai kuchanganua chochote. Nilinakili kanda za mahojiano ya nyanjani na kupanga orodha ya marejeleo, kazi zinazohitaji masikio na subira tu. Sura ya pili niliianza siku ya kumi na moja. Haikuwa nzuri, lakini msimamizi wangu ameshaniambia hivyo kuhusu sura nilizoandika nikivuta.

Atakayevuta moja siku ya tano asijihesabu kwamba amerudi mwanzo. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Aitupe pakiti iliyobaki, aikumbuke saa, mahali na aliyekuwa naye, kisha aendelee na siku ya sita. Anayehitaji wa kuzungumza naye anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 1192 ya NACADA.

Nawe uishiye na mtu anayeacha, usimwambie kwamba amekuwa mkali. Analijua hilo. Muulize ni siku ya ngapi. Akikujibu kuwa ni ya pili au ya tatu, osha sufuria.